UZI: Picha ya bibi ya nyeusi na nyeupe tuliyoisoma vibaya miaka yote, na kwanini siku hizi uso nauacha mwisho

Fremu Moja (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie maana hili jambo limenikaa kichwani zaidi ya mwezi sasa na nimeona nilitoe hapa kwa watu wanaopenda picha.

Nina picha ya bibi yangu mzaa baba. Ya studio, nyeusi na nyeupe, saizi ya kiganja. Amekaa, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, gauni jeusi tii, mdomo ameubana, macho yako mbele ila hayajaingia kwenye lenzi sawasawa, yamepita kidogo pembeni. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Kwa ukoo mzima hii ndio "picha ya msiba". Nimekua naambiwa hapo bibi alikuwa kafiwa, we tazama nguo, tazama mdomo, tazama bega lilivyolemewa. Nikaamini moja kwa moja, mpaka mwanangu nikamhadithia hivyo hivyo, huyu ndio mama yake babu yako, hapa alikuwa kwenye majonzi.

Sasa mwezi uliopita shangazi kafungua sanduku la bibi, na ndani yake kuna lile gauni. Sio linalofanana nalo, ni lile lile. Kola yenye maua madogo ya kudarizi, vifungo vitano, na kifungo cha pili kutoka juu ni tofauti na vingine, kikubwa kidogo, kama kilivyo kwenye picha. Gauni ni jekundu wakuu. Jekundu la kung'aa, pamoja na miaka yote liliyokaa sandukuni.

Nikakaa chini nikaanza kusoma kuhusu filamu za zamani na hapo ndio nilipoanza kuelewa. Sahani (vioo vilivyopakwa kemikali ya kunasa picha) na filamu za mwanzo kabisa zilikuwa zinaona rangi ya bluu tu na mwanga wa jamii hiyo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel akagundua ukiongeza rangi fulani kwenye ule mchanganyiko wa kemikali basi nao unaanza kuiona kijani, zikazaliwa filamu zinazoitwa othokromatiki. Hizi nyekundu hazioni. Kwao nyekundu ni giza, ndio maana fundi aliweza kuzisafisha akiwa amewasha taa nyekundu chumbani bila kuharibu kitu. Filamu zinazoona rangi zote, yaani pankromatiki, zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20 ila zile za othokromatiki hazikufa, mafundi waliendelea nazo miaka mingi sana. Kwenye filamu ya namna hiyo gauni jekundu linatoka jeusi, midomo inatoka mizito, na nguo ya bluu bahari inaweza kutoka karibu na nyeupe.

Kwahiyo "nguo ya msiba" ilikuwa ni filamu tu. Na nikajiuliza, kama nguo tuliisoma vibaya hivi, je ule mdomo na lile bega?

Tangu siku hiyo picha ya mtu ya nyeusi na nyeupe naisoma kwa kurudi nyuma. Naanza na mwanga umetoka wapi, halafu kifaa, halafu kingo za picha, halafu mwili umekaaje, uso nauacha mwisho kabisa. Maana uso ukishausoma kwanza umekwisha, kila kitu kingine utakilazimisha kikubaliane na ulichokwisha amua. Naomba tujadili, na wenye uzoefu wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, mshuke hapa mtusaidie.

Mpenda Vivuli:

Uzi mzuri sana mkuu. Ila swali, mwanga unausomaje kwenye picha ya zamani namna hiyo? Mimi naonaga tu kuna upande mweupe na upande mweusi basi.

Fremu Moja:

Mkuu anza na macho. Sio hisia za macho, namaanisha kile kinukta cheupe kinachong'aa kwenye mboni. Hicho ni taswira ya chanzo cha mwanga chenyewe, jicho ni kioo cha duara. Kikiwa mraba ujue ni dirisha au taa yenye boksi, kikiwa mviringo ni taa ya mwamvuli au ya bakuli, vikiwa viwili taa zilikuwa mbili. Na mahali kilipokaa panakwambia taa ilikuwa juu kiasi gani na upande upi. Halafu shuka kwenye kivuli cha pua. Kikienda chini pembeni kikagusana na kivuli cha shavu, shavu la upande wa giza linabakiwa na pembetatu ndogo ya mwanga, wapiga picha wanaita mwanga wa Rembrandt kwa sababu ya yule mchoraji. Mwanga wa hivyo unaufanya uso wowote uonekane una mawazo mazito. Mtu yeyote! Mkalishe rafiki yako mwenye furaha zake karibu na dirisha moja, zima taa zote, mwambie asicheke, piga, utapata mwanafalsafa.

Bibi nimemskani kwa ukubwa wa juu nikavuta macho. Mboni zote mbili zina kamraba kamoja, katikati kana msalaba mweusi. Ni dirisha lenye fremu ya vioo vinne, liko upande wake wa kushoto. Hakuna taa nyingine.

Chumba cha Giza:

Nimefanya kazi ya kusafisha picha kwa mkono miaka kadhaa kabla mambo hayajawa ya kidijitali, ngoja nichangie. Ulichokisema cha dirisha kina maana kubwa kuliko unavyofikiri. Dirisha moja, filamu ya zamani yenye kasi ndogo, kamera kubwa ya miguu mitatu, hapo lenzi inafunguliwa nusu sekunde, pengine sekunde nzima. Sekunde moja ukiwa umekaa mbele ya kamera ni ndefu sana. Ndio maana watu wa picha za zamani wengi hawacheki, tabasamu ukilishikilia muda huo linageuka kukunja uso, mashavu yanatetemeka, fundi anapata ukungu. Mafundi tulikuwa tunasema "tulia, usipepese", na mtu anabana mdomo mwenyewe bila kuambiwa. Huko nyuma zaidi kwenye miaka ya 1840 kulikuwa na vyuma vya kushikilia kichwa kwa nyuma ili mtu asicheze.

La pili ambalo vijana hawalijui, picha mnayoshika mkononi sio kile kamera ilichokiona. Kati ya negativu, yaani ile filamu iliyosafishwa ambayo mwanga na giza vimegeuzana, na karatasi kuna mikono ya fundi. Naweza kuzuia mwanga kwa kiganja sehemu moja ikatoka nyepesi, naweza kuiongezea mwanga sehemu nyingine ikawa giza, naweza kuchagua karatasi yenye kontrasti kali, yaani tofauti kubwa ya weupe na weusi, uso ukatoka kama umechongwa kwenye jiwe, au karatasi laini ukatoka wa upole. Negativu moja, watu wawili tofauti kabisa. Na kwenye negativu yenyewe tulikuwa tunapita na penseli tunaondoa mikunjo na madoa. Mteja akija anasema amependeza, hajui nimekaa dakika 40 na penseli.

Dada Lenzi:

Naongezea hapo kwa Chumba cha Giza, kuna suala la ngozi ambalo linaniuma kila nikiona picha za zamani za watu weusi. Kipimo cha mwanga kinachukulia kwamba chochote kilichoko mbele yake ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Akikaa mtu mweusi amevaa shati jeupe na fundi akapima shati, shati litatoka kijivu na uso utazama. Mtu anabaki kivuli chenye macho na meno. Halafu mtazamaji anakuja kusema "ana sura ya siri", "uso wa fumbo". Hakuna fumbo pale, kuna mtu aliyepima shati badala ya kupima uso. Fundi anayejua anaupima uso, anaacha shati litoke jeupe kupita kiasi, na ghafla unaona paji, unaona mng'ao wa shavu, unaona mtu. Kwangu mimi hili ni la kwanza kuangalia, je huyu mpiga picha alimpimia mwanga nani?

Fremu Moja:

Dada Lenzi umegusa penyewe kabisa. Ndio maana picha za Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Mali, naweza kuziangalia siku nzima. Alifungua studio Bamako mwaka 1948, alikuwa anapiga sana uani kwa mwanga wa jua na kamera kubwa ya sahani za sentimita 13 kwa 18, na mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu maana filamu ilikuwa ghali. Moja tu, na uso unatoka wenye kila kitu. Alijua ngozi ya watu wake.

Na kuna somo lingine kwenye kazi zake. Unaona kijana amevaa suti, mkononi saa, pembeni redio, unasema huyu alikuwa na uwezo. Kumbe suti, saa, redio, kalamu, hadi pikipiki aina ya vespa, vilikuwa vya studio, mteja anachagua apigwe navyo. Ukizisoma kama kumbukumbu ya mali za watu umepotea. Ukizisoma kama kumbukumbu ya namna watu walivyotaka kuonekana, hapo umepata kitu cha kweli zaidi. Halafu vile vitambaa vya maua nyuma ya wateja, alikuwa anavibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadae vikamsaidia kujua picha ipi ni ya kipindi gani. Yaani pazia la nyuma lilikuwa kalenda, na sisi macho yote kwenye uso.

Mpenda Vivuli:

Mkuu naelewa ila mimi napinga kidogo. Mnataka kuniambia hisia hazipo kwenye picha? Kila kitu ni filamu na dirisha? Mimi nikiangalia ile picha ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, iliyopigwa na Karsh, naona mtu aliyegoma kushindwa vita. Hiyo hainihitaji nijue dirisha lilikuwa wapi.

Fremu Moja:

Swali zuri na ndilo lililonisumbua zaidi ya yote. Basi tuichukue hiyo hiyo.

Ni tarehe 30 Desemba 1941, Ottawa, Churchill ametoka kuhutubia bunge la Canada. Yousuf Karsh ameandaa taa, Churchill kaja na sigara yake kubwa mdomoni. Karsh kamuomba aitoe, hakuitoa. Karsh akasogea akaichomoa mdomoni kwa mkono wake, akarudi akapiga. Ule uso unaouona ni uso wa mtu aliyenyang'anywa sigara sekunde chache zilizopita. Na hapo hapo ikapigwa nyingine, Churchill anatabasamu. Siku ile ile, mtu yule yule, taa zile zile. Dunia ikaichukua ya kwanza, na kuanzia 2016 iko kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza.

Sasa mimi sisemi unachokiona ni uongo. Nasema maswali ni mawili na tunayachanganya. Moja ni nini kilitokea mbele ya lenzi. La pili ni picha imekuja kumaanisha nini kwa watu walioitazama. La pili lina haki yake, Waingereza walikuwa kwenye vita na walihitaji uso ule, wakauchagua, ukawa wao. Ila ukimjibu mtu swali la kwanza kwa kutumia jibu la pili unamsingizia aliyekaa kwenye kiti. Churchill haimuumizi hiyo, alikuwa na hotuba na vitabu vyake vya kujieleza. Bibi yangu alikuwa na picha moja.

Dada Lenzi:

Hiyo ya kusingiziwa ndio iliyompata yule mama wa California. Mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha 1936 huko Nipomo kwenye kambi ya wachuma mazao, yeye katikati, mkono shavuni, watoto wawili wamegeuzia nyuso mgongoni kwake. Ikawa sura ya umaskini wa Marekani wa miaka ile. Lange hakuchukua hata jina lake. Jina Florence Owens Thompson limejulikana 1978, zaidi ya miaka 40 baadae, na mwenyewe alilalamika kwamba ile picha haijawahi kumpa hata senti. Na watu wengi hawajui alikuwa na asili ya Wacherokee, miaka yote hiyo inasomwa kama picha ya mama mzungu aliyefilisika.

Angalia pia kazi ya watoto pale. Wangeangalia kamera, jicho lako lingegawanyika, pengine mmoja angekuwa anacheka. Wamegeuka, uso uliobaki ni mmoja, huna pa kukimbilia. Hata kidole gumba kilichokuwa kimeshika nguzo ya hema kwenye kona ya chini kilifutwa baadae kwenye negativu kwa sababu kilimkera Lange.

Chumba cha Giza:

Na msisahau kushoto na kulia. Picha za bati na zile za fedha za mwanzo zinatoka zimegeuzwa kama kioo. Billy the Kid, yule jambazi wa Marekani wa karne ya 19, alisemwa miaka nenda rudi kwamba alikuwa wa mkono wa kushoto kwa sababu kwenye picha yake bastola iko upande huo. Watu wakaja kuangalia bunduki aliyoishika, Winchester ya mwaka 1873, tundu lake la kuingizia risasi liko upande wa kulia, kwenye picha liko kushoto. Basi, picha imegeuka. Jibu lilikuwa kwenye chuma muda wote.

Fremu Moja, hebu tuwekee hiyo picha ya bibi yako nzima, usiikate, na kingo zake. Nataka kuona karatasi.

Fremu Moja:

Nimeweka hapo juu mbele na nyuma. Nyuma kuna muhuri wa studio umefifia sana na namba ya penseli.

Chumba cha Giza:

Mkuu umeona hizo kingo? Picha za karatasi hiyo zina mpaka mweupe pande zote nne. Ya kwako ina mpaka juu, chini na upande mmoja. Upande wa bega lililoshuka hauna mpaka kabisa, na ukingo wake haujanyooka, umeyumba katikati. Huo ni mkasi wa mtu wa nyumbani. Fundi angekata kwa kisu cha studio na angekata sawa.

Na kitu kingine, angalia mkono wa upande huo. Bega limeshuka na mkono wa juu unaelekea nje ya picha na chini. Mtu aliyelemewa na maisha anashusha mabega yote mawili. Huyu ameshusha moja kwa sababu mkono wake una kazi huko nje. Kuna kitu ameshika.

Fremu Moja:

Aisee. Hii picha nimeishika mkononi mara ngapi, nimeiskani, nimehesabu vioo vya dirisha kwenye mboni, na ukingo sikuuona. Niliandika mwenyewe hapo juu kwamba kingo zinasomwa kabla ya uso na bado uso ulinivuta.

Ngoja nimpigie shangazi.

Mpenda Vivuli:

Tunasubiri mkuu, usitutelekeze.

Fremu Moja:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa, tumeongea zaidi ya saa nzima.

Nilimuuliza tu, shangazi ile picha ya bibi mbona imekatwa upande? Akanyamaza kidogo halafu akacheka sana. Akaniambia, "Mwanangu, aliyekatwa pale ni mimi."

Alikuwa na miaka minne. Bibi alishona lile gauni jekundu kwa ajili ya siku hiyo hiyo ya kwenda studio, yeye na binti yake wa mwisho. Fundi akawapanga, bibi kwenye kiti, shangazi kasimama pembeni yake ameshikwa mkono. Fundi kasema tulieni, akafungua lenzi, na shangazi hakutulia. Picha ilipotoka bibi yuko safi na mtoto ni ukungu mtupu, kichwa kimekuwa kama viwili. Bibi hakuwa na hela ya kurudia na hakutaka ukungu ukutani, akakata kwa mkasi wake wa cherehani. Kale kapande akakaweka, shangazi anakumbuka kukaona akiwa msichana, sasa sandukuni hakamo, kapotea.

Nikamuuliza, na mbona hakuna aliyetuambia, sisi tumekua tunasema ni picha ya msiba. Akasema na yeye alikuwa anasikia tukisema hivyo, akadhani tunaongelea picha nyingine.

Halafu nikamuuliza kuhusu uso, maana nilikuwa nimeuacha mwisho kama nilivyowaambia. Kwanini kabana mdomo vile na macho yamepita pembeni. Akasema bibi alikuwa akimsimulia ile siku mara kwa mara mpaka akawa mtu mzima, na kila akifika hapo anamuonyesha alivyofanya. Alikuwa anamuona kwa pembe ya jicho anaanza kucheza, hawezi kugeuka, hawezi kusema maana lenzi iko wazi. Kwahiyo akabana meno na kumfinya mkono, huku anamwambia kwa ndani, tulia.

Nimeiangalia tena usiku huu. Vidole havionekani, mkasi ulipita juu ya kiwiko. Ila msuli wa juu ya mkono, pale kitambaa kinapobana, umekaza.